Mchepusho, si Uelekezaji Upya

Kuna fungu la maneno linalozidi kuota mizizi katika miongozo ya kompyuta: "uelekezaji upya wa kabrasha". Waliolitunga, kamati nisiyohitaji kuitaja kwa kuwa kazi yake inajitaja yenyewe, walikuwa wakitafuta jina la huduma ambayo Microsoft iliiingiza katika Windows 2000, na ambayo fundi yeyote wa ofisi ndogo anaijua: folda ya Nyaraka ya karani inabaki na jina lake na pale pale anapoibofya kila siku, lakini faili anazoweka humo huenda kukaa katika kompyuta ya pamoja. Ninachodai ni kwamba jina hilo limekosea mara mbili, katika kielezi na katika kitenzi, na kwamba Kiswahili kilikuwa na neno la kazi hii kabla kamati haijaketi: kuchepusha, na nomino yake mchepusho.

Tuanze na "upya". Limeingia kwa sababu moja tu: Kiingereza kina kiambishi awali re-, na wafasiri wa zama hizi wamezoea kukibadilisha kwa "upya" kama keshia anavyobadilisha noti, bila kuitazama. Kiambishi hicho kilitoka Kilatini, na huko maana yake ya awali ilikuwa "nyuma" au "kurudi". Maana ya "tena" ilifuata. Kwa hiyo hata kwa aliyeapa kumfuata Mzungu hatua kwa hatua, "upya" ni chaguo moja kati ya mawili, na ndilo baya zaidi. Kufanya jambo upya ni kulirudia: hesabu iliyopigwa upya ni hesabu ileile. Folda hairudii kwenda kule ilikokuwa, inapelekwa kwingine. Watetezi wa "upya" hupenda kutukumbusha kwamba Kiarabu, mkopeshaji wetu mkubwa, nacho husema kurudia kuelekeza. Ni kweli, lakini Waarabu nao walikuwa wakifuata Kiingereza kilekile, na kosa likinakiliwa na wawili haligeuki kuwa ushahidi. Wajerumani, ambao hawakuona haya kushuka barabarani kutafuta istilahi, waliiita huduma hiyo Ordnerumleitung. Na Umleitung ndilo neno lililoandikwa kwenye vibao vyao pale njia inapofungwa na magari yakapitishwa kando.

Kitenzi nacho kina kasoro. Anayeelekezwa, kwa kawaida, ni mtu: mgeni huelekezwa njia, mwanafunzi huelekezwa namna ya kushika kalamu. Nitajibiwa kwamba twaelekeza pia macho, na bunduki. Sawa, lakini macho yakielekezwa mlangoni hubaki kichwani mwa mwenyewe. Kilichogeuka ni uso wake tu. Faili za karani hazigeuzi uso, zinakwenda. Fundi makini ataleta hoja nzito zaidi, na ninaiheshimu: ndani ya Windows kinachobadilika ni mstari mmoja wa anwani, kwa hiyo ni kweli kuna kitu kinachoelekeza. Basi na neno hilo libaki kwa anwani. Istilahi ya mtumiaji haina budi kueleza yanayoipata kazi yake, si yanayoupata mstari ambao hatauona maishani.

Sasa kuchepusha. Kiswahili kina jozi nyingi za vitenzi ambamo k ya kitendo kinachojitendekea hugeuka sh ya kusababisha: kuanguka na kuangusha, kushuka na kushusha, kuamka na kuamsha, kuzunguka na kuzungusha. Kuchepuka ni kuiacha njia na kupita kando. Kuchepusha ni kukifanya kitu kipite kando. Watu wa umwagiliaji huchepusha maji ya mto kuyaingiza mferejini. Wajenzi wana barabara za mchepuo zinazoyaepusha malori na katikati ya mji, na sekondari za Tanzania zina mchepuo wa sayansi bila kamati yoyote kulalamika. Mto uliochepushwa haubadili jina wala chanzo. Kinachobadilika ni mahali maji yanakoishia, na hiyo ndiyo habari nzima ya folda yetu. Wanaocheka hucheka kwa sababu "mchepuko", mitaani Tanzania, ni mpenzi wa pembeni. Wasikilize vizuri: huyo ana k, amechepuka mwenyewe. Mchepusho una sh, una mtendaji, naye ni msimamizi wa mtandao. Isitoshe, lugha iliyokubali kipanya juu ya meza, na mdukuzi kutoka kitenzi cha kusikiliza siri za watu, imechelewa kuona aibu.

Wapo wanaopendekeza "uhamishaji", nao wana kitufe cha Windows upande wao, kwani katika sifa za folda kitufe chenyewe kinasema hamisha. Lakini kitufe hicho kinazungumzia faili zilizokwisha kuwamo. Kuhama hukoma ukishafika. Mchepusho unaendelea kwa kila barua itakayoandikwa kesho. Wabaya zaidi ni wanaouita "nakala rudufu", maana hao hawaharibu lugha tu, wanaharibu na ofisi: mchepusho hauongezi nakala ya kuaminiwa, unazikusanya kazi za wote mahali pamoja, na diski ya mahali hapo ikifa, zimekufa zote kwa siku moja.

Matumizi hayana ugumu: chepusha Nyaraka, folda imechepushwa, ondoa mchepusho. Ofisi isiyo na seva ikumbuke tu kwamba Windows 10 na 11 za kawaida hazipokei miunganisho zaidi ya 20 kwa wakati mmoja, kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa ya folda yake peke yake, na kwamba kompyuta ya pamoja isizimwe watu wakiwa kazini. Na iitwe hivyo hivyo, "ya pamoja". "Kompyuta shirikishi", zao jingine la kamati ileile, ni sifa ya mikutano na tafiti zinazowahusisha wananchi. Kompyuta haimhusishi mtu katika uamuzi wowote, na sioni kwa nini ipewe heshima hiyo.