Asali na Chombo Chake

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Methali hiyo humfikisha mtu mzingani, wala haimwambii afanyeje na asali iliyobaki baada ya watu kushiba. Hapo ndipo elimu ya kuhifadhi ilipoanzia, nayo ni sehemu ya utamaduni wetu isiyostahili kusahauliwa.

Ubaruku, wilayani Mbarali, umo katika bonde la Usangu, ambalo mito yake humiminikia Ruaha Mkuu. Leo mgeni afikapo huona mpunga kila upande, hasa tangu lilipojengwa shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Lakini pembezoni mwa bonde hilo ipo misitu ya miombo, na miombo ndiyo malisho makuu ya nyuki katika nchi yetu.

Wazee tuliowakuta walikuwa na kanuni moja: asali ni adui wa maji. Hawakurina sega ambalo nyuki hawajalifunika kwa nta, kwa kuwa asali ya sega lililo wazi bado ni mbichi. Wataalamu wa leo wanakubaliana nao, kwani asali ikizidi asilimia 20 ya maji huchacha upesi. Tena asali hunyonya unyevu wa hewa, hivyo ile iliyorinwa vizuri nayo huharibika ikiachwa wazi wakati wa masika. Iliyochacha haikutupwa, bali ilipikiwa pombe ya wanzuki. Lakini mwenye nyumba alijua kwamba akiba yake ya dawa na chakula imepungua.

Kwa sababu hiyo masega yenye majana yalitengwa, asali ikachujwa, kisha ikatiwa katika kibuyu kikavu chenye mdomo mwembamba, au katika chungu. Wanyamwezi walitumia pia lindo, yaani chombo cha gome la mti. Nta ilifaa kuzibia nyufa na vifuniko, hivyo nyuki aliyetupa chakula alitupa na kizibo chake.

Ukoloni ulibadili hesabu hiyo. Wakati wa utawala wa Wajerumani, nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa Ulaya, na kitu kilichozibia vibuyu kikawa mali ya mfanyabiashara. Baadaye likaja debe la mafuta ya taa. Lilibeba asali nyingi, tena halikuvunjika njiani, na watu wakalipenda. Lakini asali ina uchachu ulao bati. Debe likashika kutu, na mara nyingi harufu ya mafuta ikabaki. Sisi wenyewe, tulipokuwa wadogo, tuliwahi kulamba asali yenye ladha ya taa ya chemli, na hatujaisahau.

Siku hizi chupa na ndoo za plastiki zimechukua nafasi ya debe. Chombo safi chenye kifuniko cha kubana ni kizuri, nasi hatusemi watu warudie kibuyu. Linalotusikitisha ni kwamba chombo kimekuja bila elimu yake. Mnunuzi akiona asali imeganda, hudai imetiwa sukari. Muuzaji, kwa kuogopa kuitwa mwizi, huichemsha motoni hadi iyeyuke, na harufu ya maua na sehemu ya manufaa yake hupotea. Kumbe kuganda ni tabia ya asali halisi! Mwenye kutaka iyeyuke aweke chombo katika maji ya uvuguvugu, asubiri.

Taifa letu lilitunga Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki mwaka 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki mwaka 2002. Hayo ni mema. Hata hivyo, sheria haiingii jikoni kumwambia mtu akaushe chupa kabla ya kumimina asali. Kazi hiyo ni ya mzazi kwa mwanawe. Hapana budi tuwaulize wazee waliosalia, tuandike wanayotuambia, na tuwafundishe vijana wa Ubaruku kwamba haraka ya kurina na haraka ya kuuza huiharibu asali, na kwamba subira ya wazee wetu ilikuwa elimu.