Paka wa Ilula na Urithi wa Sotoka

Wasafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa wanaijua Ilula kwa nyanya na vitunguu. Wenyeji wana mahindi pia, yanayolala ndani ya magunia, na paka wa kuyalinda. Paka huyo akiugua, ni nadra bwana mifugo kuitwa. Wapo wanaosema ni dharau tu. Naona chanzo kiko mbali zaidi, kwenye historia ya utabibu wa mifugo wenyewe. Ugonjwa wa sotoka ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, na tangu enzi za Wajerumani Mpwapwa ikawa kituo cha utafiti wa mifugo. Baadaye vita vikawa dhidi ya kupe na ndigana kali, majosho yakachimbwa vijijini. Mbwa aliingizwa kwenye hesabu kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Paka, asiye na bei mnadani, akabaki nje.

Urithi huo ungali ndani ya chupa ya dawa. Nyanda za Juu Kusini hulima pareto, ua lenye sumu ya kuua wadudu. Viwanda viliiga sumu hiyo, na nyingi ya dawa za kuogeshea ng'ombe leo ni za ukoo huo. Ng'ombe hupakwa akaenda zake malishoni. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo vizuri. Akipakwa kidogo tu ili viroboto wamtoke, masikio huanza kumcheza, miguu hutetemeka, kisha degedege. Hapo aoshwe mara moja kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, apelekwe kwa daktari. Paracetamol nayo, hata nusu kidonge, inaweza kumuua.

Itasemwa kwamba paka hujitibu kwa majani, na kwamba kitoto cha paka hupatikana bure kwa jirani. La kwanza huenda lina ukweli kidogo kwa tumbo lililochafuka. Lakini dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo hana jani la kumponya: njia ikiziba kabisa, hufa ndani ya siku chache. La pili linasahau kwamba kitoto cha bure huchukua miezi kabla hajaweza kukamata panya, na panya hawamsubiri. Basi bwana mifugo aulizwe habari za paka kabla chupa ya ng'ombe haijafunguliwa. Na siku ya chanjo ya kichaa, paka naye atiwe kikapuni apelekwe, kwani chanjo hiyo humkinga naye.