Hisba Isiyo na Mipaka: Operesheni Vijana na Kariakoo ya 1968

Mwezi wa Oktoba 1968, katika kituo cha mabasi cha Kariakoo, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake kwa hoja kwamba nguo zao zilikuwa fupi au zimebana. Wapo waliochaniwa nguo mbele ya halaiki, na polisi ikabidi waitwe kuwatawanya vijana hao. Siku chache kabla yake Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 jiji la Dar es Salaam lisionekane tena sketi fupi, mawigi, suruali za kubana wala krimu za kujichubua ngozi. Vijana wa Kariakoo hawakusubiri Januari.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza, jambo hili linatuhusu nini? Sisi si tunaamrisha stara? Naam, na hatuna haja ya kuitetea sketi fupi katika kurasa hizi. Lakini mtu akifurahi kwa kuwa munkari umeondolewa, bila kuuliza nani kauondoa, kwa idhini ya nani na kwa njia gani, huyo ameiacha nusu ya fiqhi ya mlango huu.

Wanachuoni waliliandikia suala la hisba kwa uangalifu mkubwa. Imam Al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria, sawa na 1058), katika Al-Ahkam as-Sultaniyya, amemtofautisha muhtasibu aliyeteuliwa na dola na mtu wa kawaida anayejitolea kukataza maovu. Kuadhibu ni mamlaka ya wa kwanza, tena kwa mpaka maalumu. Wa pili hana ruhusa ya kumtia mtu adabu kwa mkono wake. Imam Al-Ghazali (505 Hijria, sawa na 1111) naye ameweka masharti katika Ihya: jambo liwe ni munkari, liwepo wakati huo huo, lidhihiri bila ya upelelezi, na ubaya wake ujulikane bila kuhitaji ijtihadi. Kisha akapanga daraja, akianza na kumfahamisha mtu kwa upole. Mkono hauji mwanzo.

Sasa mpime kijana wa kituo cha mabasi kwa mizani hiyo. Hakuteuliwa na kadhi wala hakimu. Hakuanza kwa nasaha. Na kubwa kuliko yote, alimvua nguo mwanamke kwa madai ya kutaka avae stara! Kufunua uchi wa mtu hadharani ni munkari mzito kuliko ule aliodai kuuondoa, na kanuni ya kifiqhi ni kwamba dhara haliondolewi kwa dhara lililo mfano wake, sembuse lililo kubwa zaidi.

Kisa cha Amirul Muuminina Umar bin Al-Khattab (Radhi za Allah ziwe juu yake), alichokitaja Al-Ghazali, kinajulikana. Alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mwenyewe katika maasia. Yule mtu akasema kwamba ikiwa yeye amekosa moja, basi Umar amekosa matatu: amepeleleza, ilhali imekatazwa katika Suratul Hujurat aya ya 12, ameingia nyumba si kwa mlango wake, kinyume na Suratul Baqara aya ya 189, na ameingia bila kubisha hodi wala kutoa salamu, kinyume na Suratun Nur aya ya 27. Umar, aliyekuwa khalifa, alimwacha baada ya kumtaka atubie. Hapa pana hurma ya mtu ambayo hata mtawala haivunji, ijapokuwa mtu mwenyewe ni mkosefu.

Turudi Dar es Salaam. Operesheni Vijana haikutokana na mjadala wa Bunge, ilikuwa azimio la jumuiya ya chama. Wala raia hakuwa na pa kukimbilia: Katiba ya Muda ya 1965 haikuwa na sura ya haki za binadamu, na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilikuwapo tangu 1962. Magazetini watu walibishana sana. Wapo waliosema mwili ni mali ya mwenyewe na serikali haina kazi kabatini mwake. Hoja hiyo hatuichukui nzima, kwani kwetu sisi mwili ni amana. Lakini wapo pia waliouliza swali gumu: utamaduni huu unaolindwa ni upi, iwapo huku Arusha Wamasai wakati ule ule wanalazimishwa kuacha lubega na kuvaa suruali? Kumbe kipimo hakikuwa stara wala mila. Kipimo kilikuwa chama kimetaka nini. Novemba 1969 zamu ikafika kwa muziki wa soul, nao ukapigwa marufuku jijini.

Na tazama tarehe. Desemba 1968, majuma machache baada ya vurugu za Kariakoo na kabla ya operesheni kuanza rasmi, serikali iliipiga marufuku East African Muslim Welfare Society, jumuiya iliyoasisiwa 1945 na iliyokuwa ikijenga misikiti na shule. Mwezi huo huo ikaundwa BAKWATA. Mwaka huo pia Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni aliyesomesha wengi mjini hapa, alikamatwa na kurejeshwa Zanzibar.

Hatusemi kwamba waliochana nguo ndio waliofunga jumuiya. Tunasema chimbuko la mamlaka lilikuwa moja: chama kilichojiona kinajua mavazi gani, muziki gani na viongozi gani wa dini wanamfaa raia, na ambacho hakuna mahakama iliyoweza kukiuliza. Muislamu aliyeshangilia Oktoba hakuwa na hoja ya kushika Desemba, kwa kuwa alikwishakubali kwamba wema wa lengo unatosha. Sura ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuisikiliza mwaka 1988. Wanawake wa kituo cha mabasi walikuwa wamengoja miaka ishirini.