Uhamisho wa vijana kwenda Gereza la Angola
Uhamisho wa vijana kwenda Gereza la Angola ulikuwa hatua ya jimbo la Louisiana, Marekani, ya kuwapeleka watoto waliokuwa katika mahabusu za vijana kwenye eneo la Angola, gereza kuu la watu wazima la jimbo hilo, lililojengwa mahali palipokuwa na mashamba ya watumwa. Gavana John Bel Edwards alitangaza mpango huo Julai 2022, baada ya ghasia na matukio ya kutoroka katika kituo cha Bridge City, karibu na New Orleans. Wa kwanza walifika Oktoba. Walitengwa na wafungwa wazima, lakini jengo walilopewa liliwahi kuwaweka waliohukumiwa kifo. Wengi wao walikuwa weusi.

Jaji Shelly Dick wa mahakama ya shirikisho alikataa kuuzuia mpango huo Septemba 2022, serikali ikiahidi masomo na huduma za tiba. Mwaka mmoja baadaye aliamuru vijana hao waondolewe: walikuwa wakifungiwa peke yao vyumbani, wakitiwa pingu na kupuliziwa dawa ya kuwasha, na shule ilikuwa ya jina tu. Hawakurudishwa majumbani, walipelekwa jela ya Jackson Parish, ambayo nayo ni ya watu wazima.