Umri Ulioandikwa kwenye Gamba

Makorora, mjini Tanga, samaki hufika kwa baiskeli. Mchuuzi atokaye diko la Deep Sea husimama, na mama anayetaka changu humfunua mashavu kwanza aone kama bado ni mekundu. Hapo anajua samaki amevuliwa lini. Amezaliwa lini, hakuna anayeuliza.

Swali hilo lililetwa na jarife, wavu wa papa. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walinasa samaki mgeni machoni pao. Mwaka uliofuata akaanza kunaswa Tanga, pande za Kigombe, katika nyavu za papa zilizotegwa kina kirefu. Buluu iliyokolea, madoa meupe, mapezi manene kama viguu. Ni silikanti, aliyedhaniwa kutoweka miaka milioni 66 iliyopita mpaka Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta katika shehena ya meli ya uvuvi huko East London, Afrika Kusini, mwaka 1938.

Hadi hapo watafiti wengi wa uzee walikuwa wakihangaika na viumbe wa maisha mafupi. Mnyoo C. elegans huishi wiki mbili tatu, hivyo mtu mmoja huweza kushuhudia vizazi vingi. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake, San Francisco, walionyesha kuwa badiliko katika jeni moja, daf-2, humwongezea mnyoo huyo maisha mara mbili, tena akiwa bado mchangamfu. Jeni hiyo ni jamaa ya ile inayotengeneza kipokezi cha insulini mwilini mwetu. Kumbe mwili hauchakai tu kama jamvi. Upo utaratibu unaouongoza.

Silikanti, tofauti na mnyoo, hafugiki, kwa hiyo historia yake husomwa kwa waliokwisha kufa. Mwaka 2011 Masato Nikaido na wenzake walipima vinasaba vya samaki wa Tanga wakakuta ni ukoo wa pekee, uliojitenga na wa Komoro yapata miaka 200,000 iliyopita. Mwaka 2013 ramani nzima ya jeni zake ikaonyesha kwamba zile zinazotengeneza protini hubadilika polepole mno. Lakini ukoo kubadilika polepole ni jambo moja, na mwili kuzeeka polepole ni jingine.

La pili lilijibiwa na gamba. Kwa muda mrefu wataalamu walihesabu pete nene za gamba wakasema silikanti huishi miaka 20 hivi. Mwaka 2021 Kélig Mahé na wenzake waliyapitishia mwanga maalumu magamba ya samaki 27, wengi wao wa Komoro. Pakatokea pete nyembamba mno, tano kwa kila nene moja, na kila nyembamba ni mwaka. Mkongwe wao alikuwa na miaka 84. Jike hukomaa akikaribia miaka 60, na mimba yake huchukua miaka mitano.

Kwa hesabu hiyo, jike aliyekomaa aliyenaswa Tanga mwaka 2004 alizaliwa kabla ya Uhuru, na kama alikuwa na watoto tumboni, huenda aliwabeba tangu mwaka 2000.