Ukuta Unaopumua

Mwaka 1824, Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, Uingereza, alipewa hataza ya saruji aliyoiita Portland, akiifananisha na mawe ya kujengea ya huko. Tanzania ilianza kuizalisha yenyewe mwaka 1966, Wazo Hill, Dar es Salaam. Nyumba ya bibi yangu, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni ya zamani kuliko kiwanda hicho. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa.

Sasa chokaa hiyo imekwisha kati ya mawe upande wa nje. Mjomba, ambaye ndiye mwenye pesa, anataka mianya izibwe kwa saruji kabla ya masika. Mimi nataka chokaa.

Chokaa ina safari ya ajabu. Matumbawe yakichomwa tanuuni hutoa kabonidayoksaidi, na kinachobaki huchemka kikitiwa maji. Kikishajengewa, hunyonya polepole gesi ileile kutoka hewani, kikarudi kuwa jiwe. Hivyo ndivyo ilivyojengwa Husuni Kubwa ya Kilwa katika karne ya 14, karne tano kabla ya Aspdin.

Mjomba huniambia, “Mwanangu, kitu kigumu ndicho kinachodumu.” Kwa nyumba ya matofali ya saruji, sawa. Lakini ukuta wetu hunyonya maji kutoka ardhini, na maji hayo hubeba chumvi. Chokaa ina vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo unyevu hupitia humo ukakauka nje. Chumvi hula chokaa, nasi baada ya miaka twaitia upya. Ukiziba kwa saruji, unyevu hutafuta njia nyingine, nayo ni jiwe lenyewe. Saruji itabaki imesimama kama fremu, matumbawe yakimomonyoka katikati yake. Mwanya huzibika tena. Jiwe likishageuka unga, halirudi.

Hoja za mjomba si za kipuuzi. Saruji hushika kwa saa chache na kila fundi anaijua. Chokaa hutaka kulowekwa, kutiwa kwa tabaka nyembamba, na kulindwa na jua kali na mvua. Tena kuichoma kumekula kuni nyingi, na visiwa vyetu havina miti ya kuchezea.

Ila hesabu yake inahesabu mwaka mmoja tu. Bibi analala chumba cha juu, na mzigo wote wa chumba hicho umeegemea ukuta huu.

Nimempelekea pendekezo: tufunike ukuta kwa maturubai hadi masika yaishe, kisha tutie chokaa wakati wa kipupwe, nami nichangie ujira wa fundi kutoka posho yangu ya masomo. Jana alinijibu kwa swali moja: fundi wa chokaa anapatikana wapi? Nimeanza kuulizia.