Mcheza Kwao Hutunzwa: Nusu Karne na Zaidi ya Tuzo za Filamu za Wanyamapori

Kwenye barabara ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro upo mnara mdogo wa mawe, umepangwa kama piramidi. Magari ya watalii husimama hapo dakika mbili tatu, watu wakapiga picha ya bonde, kisha safari ya Serengeti ikaendelea. Hapo amelazwa Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyefariki tarehe 10 Januari 1959 akiwa na miaka 24. Yamezikwa hapo pia majivu ya baba yake, Bernhard, aliyefariki mwaka 1987. Miezi kumi na tano baada ya kifo cha kijana huyo, filamu aliyokuwa akiitengeneza pamoja na babake ilitunukiwa Oscar kule Marekani.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa sana kwa habari hii. Kutunza ni kulea na kuhifadhi: tunatunza mtoto, shamba, msitu. Lakini katika ngoma na taarabu, kutunza ni kuinuka kitini na kumpa mchezaji au mwimbaji chochote kwa kufurahishwa naye. Ndiyo maana wapo wasemao mcheza kwao hutuzwa, na wapo wasemao hutunzwa, na wote wanaeleweka. Tuzo za filamu za wanyamapori zimejaribu kuunganisha maana hizo mbili: kumtunza mpiga picha kwa matumaini kwamba mnyama naye atatunzwa. Historia yake ni historia ya kuulizana, kizazi hadi kizazi, kama la kwanza huleta la pili.

Mgema na sifa zake

Habari yenyewe inaanzia mbali na nyika zetu. Mwaka 1948 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu fupi iitwayo Seal Island, kuhusu sili wa visiwa vya Pribilof, Alaska. Wapiga picha wake, Alfred na Elma Milotte, walikuwa mume na mke. Filamu ikapata Oscar, na Disney akaona soko. Zikafuata filamu ndefu: The Living Desert ya 1953 na The Vanishing Prairie ya 1954, zote zikashinda Oscar. Katikati ya miaka hiyo Milotte na mkewe walikuja Afrika Mashariki, wakakaa muda mrefu wakifuata simba, na matunda yake yakawa The African Lion ya 1955.

Wakati huo waamuzi walitafuta kitu kimoja: je, umetuletea tusichokiona? Aliyevumilia baridi, mbu na jua mpaka mnyama akatokea mbele ya kamera, huyo alistahili. Hakuna aliyeuliza picha ilipatikanaje.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 1958 Disney ilitoa White Wilderness, nayo ikapewa Oscar. Ndani yake mnaonekana lemingi, wanyama wadogo wa jamii ya panya waishio nchi za baridi, wakijitupa majini kwa makundi kana kwamba wameamua kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waandishi wa televisheni ya Kanada walifukua ukweli. Lemingi wale walinunuliwa, wakasafirishwa hadi jimbo la Alberta ambako hawaishi, kisha wakasukumwa mtoni na watu wa filamu wenyewe. Uongo ule ulikuwa umekwishaingia vichwani mwa watu wa mataifa mengi, na mpaka leo wapo wanaouamini. Tuzo ndiyo iliyoupa heshima.

Ndege yenye milia

Bernhard Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Filamu yake ya mwanzo, iliyopigwa Kongo na iliyosema kuwa wanyamapori hawana tena mahali pa kukaa, ilipata Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin mwaka 1956. Baadaye alikaribishwa Tanganyika kwa kazi iliyohitaji rubani kuliko mpiga picha. Serikali ya kikoloni ilitaka kuchora upya mipaka ya Hifadhi ya Serengeti, na hakuna aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi.

Baba na mwana wakajifunza urubani. Wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier, wakaipaka milia ya pundamilia, wakairusha kutoka Ujerumani hadi Serengeti. Walihesabu wanyama kutoka angani, pande kwa pande, wakafikia 366,980. Waliwavisha baadhi yao ukanda wa rangi shingoni ili kuwafuatilia, wakabaini kwamba msafara wa nyumbu ulipita nje ya mipaka iliyopendekezwa. Kazi ilipokaribia mwisho, tumbusi aligonga bawa la ndege Michael akiwa angani, na ndege ikaanguka.

Filamu ya Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti Isife, ilitoka mwaka huohuo wa 1959. Tarehe 4 Aprili 1960 ikashinda Oscar ya filamu ndefu ya kumbukumbu. Tuzo ileile iliyokwenda kwa lemingi wa uongo mwaka uliotangulia, safari hii ilikwenda kwa watu waliohesabu kweli.

Tuseme wazi tuzo ile ilifanya nini na haikufanya nini. Mipaka haikuizuia: mwaka 1959, kabla filamu haijafika Hollywood, eneo la mashariki lilikwisha kukatwa na kuwa Hifadhi ya Ngorongoro. Wamaasai waliokuwa ndani ya Serengeti walihamishiwa huko kwa ahadi ya kuendelea kuishi na mifugo yao, na mjadala wa ahadi hiyo haujaisha hadi leo. Grzimek mwenyewe aliamini kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na mtu yeyote, hata mwenyeji. Filamu ilipokwenda duniani, imani hiyo ilisafiri nayo. Kwa upande mwingine, jina la Serengeti likafahamika kwa watu ambao wasingeweza kuonyesha Tanganyika kwenye ramani. Shirika la uhifadhi la Frankfurt aliloliongoza Grzimek lilichangisha fedha, na mpaka sasa lipo Serengeti likifanya kazi na mamlaka za hifadhi.

Ukweli wapata matamasha yake

Oscar ni jukwaa la sinema zote, na wanyama wamealikwa tu. Watu wa fani hii walihitaji uwanja wao. Wa kwanza kuufungua alikuwa mwanasayansi. Mwaka 1977 Charles Jonkel, mtafiti wa dubu, alianzisha tamasha la kimataifa la filamu za wanyamapori katika mji wa Missoula, jimbo la Montana. Alichoshwa na filamu zilizomfanya dubu kuwa jini au kuwa mwanasesere, akataka waamuzi waulize swali jipya: je, ni kweli?

Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya Bristol, Uingereza, mji ambao tangu 1957 ni makao ya kitengo cha BBC cha filamu za viumbe. Christopher Parsons, aliyekuwa miongoni mwa watayarishaji wa mfululizo wa Life on Earth wa David Attenborough, alianzisha Wildscreen mwaka 1982. Tuzo zake ni sanamu za panda, na iliyo kuu huitwa Panda wa Dhahabu. Watu wa kazi hiyo huziita Oscar za Kijani. Mwaka 1991 likafuata tamasha la Jackson Hole, Wyoming, ambalo tuzo yake kuu imepewa jina la mlima wa huko, Grand Teton.

Matamasha haya yaligawa tuzo kama daktari anavyogawa wagonjwa kwa wodi: ya picha, ya sauti, ya uhariri, ya sayansi, ya uhifadhi. Faida yake ni kwamba kazi zilizokuwa zimefichika zikapata jina. Hasara yake ni kwamba walioshindana na walioamua walikuwa watu wanaojuana, wa miji michache ya Uingereza na Marekani, ilhali uwanja wa mchezo wenyewe mara nyingi ulikuwa Mara, Amboseli, Tsavo na Serengeti.

Kichuguu chafika Hollywood

Katikati ya pande hizo mbili walisimama Alan na Joan Root. Joan alizaliwa Nairobi. Alan alizaliwa London akakulia Kenya, na katika ujana wake alipiga picha za filamu ya akina Grzimek. Wawili hawa walibadili namna ya kutazama. Walishuka na kamera ndani ya maji ya chemchemi ya Mzima, Tsavo Magharibi, kuwapiga picha viboko wakiwa kwao. Kiboko mmoja alitoboa barakoa ya Joan usoni, kisha akamng'ata Alan mguu. Walipaa kwa puto juu ya Kilimanjaro. Lakini kazi yao iliyofika mbali kwa tuzo haikuwa ya mnyama mkubwa hata kidogo. Mysterious Castles of Clay ya 1978, iliyosimuliwa na Orson Welles, ilihusu kichuguu, na ikateuliwa kuwania Oscar.

Mtoto gani wa bara hajawahi kukaa juu ya kichuguu akichunga mbuzi, au kungoja kumbikumbi mvua za kwanza zinapokatika? Kitu cha kukanyagwa kila siku kilihitaji miezi ya subira na kamera ili dunia ione kwamba ni mji wenye njia za hewa, bustani za uyoga na malkia. Wanafunzi wa Root, Mark Deeble na Victoria Stone, walifuata nyayo hizo. The Queen of Trees, filamu yao ya 2005, ni habari ya mkuyu na nyigu mdogo anayeingia ndani ya tunda lake. Bila nyigu mkuyu hauzai, na bila mkuyu nyigu hana pa kutagia. Ilipata tuzo ya Peabody.

Wa kizazi hichohicho ni Hugo van Lawick, Mholanzi aliyejenga kambi yake Ndutu na kuishi humo miongo kadhaa, akashinda tuzo za Emmy kwa filamu zake za simba, fisi na mbwa mwitu. Alifia Dar es Salaam mwaka 2002, akazikwa Ndutu.

Je, imebadilisha nini?

Karne mpya ilikuja na swali la tatu. Picha nzuri haikutosha tena, wala ukweli peke yake. Waamuzi wakataka kujua filamu imefanya kazi gani. Mfano ulio karibu nasi ni Virunga ya Orlando von Einsiedel, iliyotoka 2014. Ndani yake Kiswahili cha Kivu kinasikika vinywani mwa askari wa hifadhi. Wakati kampuni ya mafuta ya Uingereza, SOCO, ikitafuta mafuta katika Hifadhi ya Virunga, Kongo, askari Rodrigue Katembo alificha kamera mwilini kurekodi vishawishi vya rushwa, na André Bauma aliwalea sokwe yatima. Siku mbili kabla ya filamu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza New York, mkuu wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani, akanusurika. Mwezi Juni mwaka huo SOCO ilitangaza kwamba itasimama. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar, haikushinda. Ukiuliza watu wa Virunga wangechagua lipi kati ya sanamu na kusimama kwa kampuni, jibu halihitaji waamuzi.

Polepole hata wacheza kwao wakaanza kutunzwa. Mwaka 2021 Oscar ilikwenda kwa My Octopus Teacher, habari ya mtu na pweza wa bahari ya Afrika Kusini. Nasi wa pwani, tuliozoea kukutana na pweza kwenye bakuli la supu, tukacheka kisha tukanyamaza. Mwaka 2023 The Elephant Whisperers ya Kartiki Gonsalves wa India ilishinda, ikiwa na wazee wawili, Bomman na Bellie, wakilea ndama wa tembo na kuzungumza lugha yao wenyewe. Kenya nako Paula Kahumbu alianzisha Wildlife Warriors mwaka 2019, kipindi ambacho wanasayansi na walinzi wa Kikenya wanawasimulia Wakenya habari za wanyama wao. Kabla yake, tangu 1998, Simon Trevor aliongoza taasisi ya filamu za mazingira iliyotengeneza filamu na kuzitafsiri kwa Kiswahili ili zionyeshwe bure vijijini. Mtazamaji aliye jirani na tembo alikuwa amengoja karibu miaka arobaini baada ya Serengeti Isife kukaribishwa kwa namna hiyo.

Aliyeshika pembe

Turudi kwenye hesabu ya Grzimek. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa karibu robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja, na ndio huu msafara ambao kila kamera ya dunia huja kuusubiri kwenye mto Mara. Ni nini kilichowaongeza? Sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe ulikuwa ukiua ndama wa nyumbu tangu miaka ya 1890. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walipochanjwa, sotoka ikakosa pa kujificha, na nyumbu wakapona bila ya wao kuguswa na sindano hata moja. Filamu ya The Serengeti Rules ya 2018 iliisimulia habari hii kupitia wanasayansi walioigundua.

Lakini chanjo ile haikujidunga yenyewe. Kila ng'ombe alikuwa na mwenyewe, aliyemtoa zizini asubuhi, akamshika pembe akamtuliza mpaka bwana mifugo akamaliza. Huyu ndiye ambaye Grzimek alimwona hana nafasi ndani ya hifadhi. Alitunza Serengeti, kwa maana ya kwanza ya neno hilo, akidhani anatunza ng'ombe wake tu. Kwa maana ya pili, hakuna aliyeinuka kitini.